KUTOKA WODI YA MIFUPA: Mzee wa kitanda namba 7 na yule mtoto wa Nairobi

Najua niliahidi kumalizia habari ya vidonda vya mgongoni kwa wagonjwa wanaolala muda mrefu. Itakuja, msinune. Leo nina jambo lingine limenikaa kifuani na lisipotoka sitalala. Ni refu, nimeligawa vipande. Kama uko zamu, soma kimoja, kageuze mgonjwa, urudi.

Mzee mwenyewe ameniruhusu kuandika. Alisema, "Andika, ila jina langu usiweke, wanangu watanuna." Basi sijaweka.

1.

Jumapili ya tarehe 28 Septemba nilikuwa zamu ya mchana. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unakaribia kwisha, nikapita kuwakumbusha ndugu watoke. Nikakuta kitanda namba 7 kimezungukwa kama kuna msiba. Moyo ukanilipuka, nikakimbia. Kumbe ni simu! Mjukuu wa mzee kaiegemeza kwenye chupa ya maji, na wagonjwa wote wanaoweza kutembea wamesogea na magongo yao, wanaangalia mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia kutoka Kigali.

Kwa wasiofuatilia: mwaka 2025 ndo ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika, tena hapo jirani tu Rwanda. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita zaidi ya 260, milima mitupu. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia, kijana wa miaka 27. Alijitoa kwenye kundi mapema akawaacha wenzake wakifukuzana na kivuli.

Nilitakiwa kuwafukuza. Sikuwafukuza. Nikasimama dakika tano nikijifanya naangalia dripu.

Mzee wa namba 7 hakuwa anashangilia. Ana miaka 61, aligongwa na pikipiki mwanzoni mwa Septemba akiwa na madumu mawili ya maziwa kwenye keria. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika katikati. Sukari ilikuwa juu, ikabidi upasuaji usubiri, mguu ukae umefungwa kamba na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda. Baadaye akawekewa chuma. Siku hiyo alikuwa na siku kumi tangu atoke chumba cha upasuaji.

Nyie mnaotoka mikoa ya huku Kanda ya Ziwa mnajua baiskeli kwetu ni nini. Huyu mzee alikuwa anashindana enzi zake. Mwaka 1994 alishinda mbio za Sabasaba wilayani kwao, zawadi ilikuwa bati kumi. Bati hizo ndo zimeezeka nyumba aliyozalia watoto wake.

Simu ilipozimwa akaniita. "Nesi."

"Abee baba."

"Yule mtoto wa Nairobi mbona simuoni? Yule mrefu mwembamba, anayeangalia chini akiendesha."

Nikajua anamsema Chris Froome.

2.

Hapa inabidi nieleze, maana wengi wenu mtasema nesi gani huyu anajua mambo ya baiskeli. Baba yangu mzazi alikuwa na Phoenix, na mimi nilikua nimekaa kwenye keria. Basi.

Froome alizaliwa Nairobi Mei 1985, wazazi Waingereza. Alipokuwa mtoto alifundishwa baiskeli na David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, huko Kikuyu nje ya Nairobi, kwenye kundi la vijana wa kijijini linaloitwa Safari Simbaz. Ujanani alikimbia kwa bendera ya Kenya, mwaka 2008 ndo akahamia bendera ya Uingereza. Kwa hiyo mzee akisema "mtoto wa Nairobi" hajakosea.

Huyu mtu ameshinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Tour de France ni wiki tatu, hatua 21, kilomita elfu tatu na mia kadhaa, unapanda milima ya Alps na Pyrenees, jumla ya muda wako ikiwa ndogo kuliko ya wote unavaa jezi ya njano. Ameshinda pia Vuelta ya Hispania mara mbili na Giro ya Italia ya 2018. Hiyo Giro alikuwa ameachwa kwa zaidi ya dakika tatu, zimebaki siku tatu, akaondoka peke yake kwenye mlima wa Colle delle Finestre zikiwa zimebaki kilomita 80, akageuza kila kitu.

Na kuna hili ambalo mimi kama nesi wa huku silisahau. Mwishoni mwa 2010 walimpima wakamkuta na kichocho. Ndiyo, kichocho hiki hiki cha madimbwi na mabwawa yetu! Alikuwa anaendesha mashindano ya Ulaya huku minyoo inakula damu yake. Akatibiwa kwa prazikwanteli, dawa ile ile tunayowapa watoto wa shule na kuwapimia kwa kijiti cha urefu. Mwaka uliofuata akang'ara Vuelta. Kwa hiyo wazazi mnaoficha watoto siku ya dawa shuleni, nadhani tumeelewana.

Sasa twende kwenye maumivu.

3.

Tarehe 12 Juni 2019, Ufaransa, mji wa Roanne. Froome ana miaka 34. Anakagua njia kabla ya mbio za kushindana na saa. Anaachia mkono mmoja usukani apenge kamasi, upepo unakamata gurudumu la mbele, anaingia ukutani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

Mfupa wa paja, nyonga, kiwiko, mbavu, mfupa wa kifua, pingili ya shingo. Upasuaji wa masaa, kisha siku kadhaa chumba cha uangalizi maalumu.

Watu wa nje wakisikia "kavunjika paja" wanafikiria fimbo iliyokatika. Sisi tunafikiria damu. Paja likivunjika linaweza kumwaga ndani lita moja hadi moja na nusu na usione tone nje. Ndo maana nawapigia kelele kila siku: aliyevunjika paja msimkunje kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mfunge mguu kwenye ubao au kwenye mguu mzima, usiuvute, usiukande, mpeleke amelala.

Halafu mfupa unaunga. Hilo Mungu ameliweka, miezi mitatu hadi sita kwa kawaida, unaungana hata kwa masikini. Shida ni vinavyouzunguka. Nyama ya paja iliyopasuliwa inashona kovu. Mguu uliolala wiki nyingi unanywea. Nyonga iliyovunjika inabadilisha namna unavyokaa. Mtu anatembea, anapanda ngazi, anacheza kwenye harusi ya mwanawe, sisi tunapiga makofi, amepona. Lakini yule aliyekuwa anaishi kwa tofauti ya asilimia moja au mbili kati yake na mwenzake, kwake hiyo si kupona. Froome mwenyewe aliwahi kusema mguu wa kulia ulibaki dhaifu kuliko wa kushoto, na mazoezi mengi ilikuwa kujaribu kuusawazisha.

Alirudi. Vuelta ya 2020 alimaliza wa 98. Kuanzia 2021 akahamia timu mpya, lengo likitangazwa wazi: Tour ya tano, awafikie Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain. Mwaka huo alimaliza Tour wa 133. Mwaka 2022, siku moja tu, kwenye mlima wa Alpe d'Huez, akawa wa tatu. Nakumbuka siku ile. Nilitoa machozi mbele ya simu, nikasema amerudi huyu! Siku chache baadaye akapimwa Uviko, akatoka mashindanoni. Tour hiyo ndo ya mwisho kumuona.

Na mwaka 2025, mwishoni mwa Agosti, siku chache kabla mzee wetu hajagongwa, Froome akaanguka tena mazoezini. Pafu limesinyaa, mbavu tano, pingili ya kiuno. Alikuwa na miaka 40. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huo wa 2025.

Haya yote nilimweleza mzee kwa kifupi, nikiwa namfunga kipimo cha presha. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na paja lake lilikuwa la upande gani?"

"La kulia, baba."

Akaangalia mguu wake. "Kama langu."

4.

Kwenye korido mtoto wake mkubwa alikuwa ananisubiri. Mtu mzima mwenye heshima zake, hana shida.

"Dada, tunakuomba kitu. Mwambie mzee daktari amekataza baiskeli kabisa, maisha. Sisi hatusikilizi, wewe atakusikia. Na baiskeli tumeshaipatia mteja."

Nikamwambia daktari hajasema hivyo.

"Najua. Ndo maana tunakuomba."

Nawaambia ukweli, nilitaka kukubali. Ningesema sentensi moja, familia ingelala usingizi. Na barabara zetu mnazijua. Lakini kuna kijana mmoja alinijia kichwani, ambaye sijawahi kumwandika hapa kwa sababu naona aibu.

Ilikuwa miaka mingi nyuma, nikiwa bado mgeni wodini. Kijana wa bodaboda, miaka 24, paja na nyonga. Kila zamu ananiuliza, "Nesi, nitarudi?" Na mimi kila zamu namjibu huku natabasamu, "Utarudi kama zamani." Nilidhani nampa moyo. Alipotoka akachukua mkopo wa pikipiki mpya, maana nesi kasema. Akawa hawezi kukaa kwenye siti zaidi ya saa mbili, nyonga inamchoma. Marejesho yakamshinda, pikipiki ikachukuliwa. Siku alipokuja kliniki alinitafuta makusudi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Nesi, ulisema kama zamani. Zamani ipi?"

Tangu siku hiyo nimejifunza kuna maswali matatu ndani ya lile swali moja la mgonjwa. Nitapona? Nitarudi kwenye kazi yangu? Nitakuwa nilivyokuwa? Majibu yake yanaweza kuwa ndiyo, kiasi, na hapana, kwa mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo. Kosa langu kwa yule kijana ni kwamba nilijibu la kwanza yeye akasikia la tatu.

Na sasa mtoto wa mzee alikuwa ananiomba nidanganye kwa upande wa pili: jibu liwe hapana kwa yote matatu.

5.

Usiku ule sikulala, nikawa namuwaza Froome kama vile ni mgonjwa wangu. Angeniuliza, je, nina nafasi tena kwenye yale mashindano ya wiki tatu? Ningemjibu nini?

Watu wanasema ni umri. Umri ni kweli, ila si wote. Chris Horner wa Marekani alishinda Vuelta ya 2013 akiwa na miaka 41. Alejandro Valverde wa Hispania alivunjika goti kwenye Tour ya 2017 akiwa na miaka 37, mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, na 2019 akawa wa pili Vuelta akiwa na 39. Kwa hiyo mzee anaweza, na aliyevunjika anaweza.

Wengine wanasema mbona Egan Bernal amerudi. Huyu ni Mkolombia aliyeshinda ile Tour ya 2019 ambayo Froome aliikosa akiwa kitandani. Januari 2022 naye aligonga basi lililosimama, akavunjika paja, pingili, mbavu, mapafu yakaumia. Mwaka 2025 alimaliza Giro wa saba na Septemba akashinda hatua ya Vuelta. Ni kweli, na nilishangilia. Lakini yeye alivunjika akiwa na miaka 25. Na pamoja na ujana wote huo, mashindano makubwa yenyewe hajayashinda tena tangu aumie.

Mashindano ya wiki tatu, nionavyo mimi niliyezoea kukesha na wagonjwa, yanashindwa usiku. Mchana wote wanajua kuendesha. Swali ni nani mwili wake utajirekebisha ndani ya masaa kumi, aamke kesho kama hakufanya kitu jana, mara 21. Kadiri umri unavyokwenda ukarabati huo unachelewa, hili hata wewe unayesoma ukibeba gunia leo utaliona kesho. Weka juu yake paja, nyonga, na sasa pafu na mgongo. Siku moja ya Alpe d'Huez inawezekana. Siku 21 mfululizo, mbele ya Pogačar, hapana.

Kwa hiyo jibu langu kwake lingekuwa: umepona kaka, kazi yako uliirudia kwa miaka yote hii, na hiyo peke yake kwa mtu aliyeingia ukutani vile ni jambo kubwa. Tour ya tano haipo. Nadhani haikuwepo tangu Roanne.

Na nikagundua kitu kimoja kinachoniudhi. Miaka sita watu wameandika kwamba angestaafu, anajiaibisha, anachafua jina. Wa 98, wa 133, wanacheka. Kama vile nafasi ya 133 kwenye Tour de France ni aibu! Walitaka aache kwa ajili yao, ili wabaki na picha ya jezi ya njano. Sawasawa na wanaotaka kuuza ile baiskeli.

6.

Jumatatu niliingia zamu, nikavuta kiti. Kukaa kwenye kiti ni muhimu, nesi akisimama mgonjwa anajua una haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na maneno."

"Ndiyo baba." Nikamwambia kama daktari alivyonieleza asubuhi kwenye raundi. Mfupa ukiunga vizuri, picha ikionyesha, mguu ukipata nguvu, na sukari ikikaa sawa, baiskeli ataipanda. Barabara ya tambarare, mchana, bila mzigo. Madumu ya maziwa basi. Kushindana basi. Na akianguka tena kwenye paja lile lenye chuma, itakuwa kesi ngumu kuliko ya kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na yule mtoto wa Nairobi, atashinda tena?"

"Hapana baba. Sidhani."

"Lakini anaendelea."

"Alikuwa anaendelea mpaka juzi alipoanguka."

"Kwa nini sasa, kama hashindi?"

Nikasema sijui baba. Akacheka, akashika mbavu.

"Mwanangu, mimi mara ya mwisho kushinda ilikuwa 1994. Unadhani tangu hapo nilikuwa napanda baiskeli kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika presha yake kwenye faili: 140 kwa 85.

Watoto wake niliwaita pembeni nikawaambia nilichomwambia. Mkubwa alikasirika. "Akifa barabarani utamzika wewe?" Nimelibeba hilo swali mpaka leo, sitaki niwadanganye. Inawezekana nimekosea. Namwelewa kabisa, baba ni wake, hofu ni yake, na bili ya chuma kaibeba yeye. Nilimwambia kitu kimoja tu: baiskeli ikiuzwa, auze mzee mwenyewe.

Ameruhusiwa juzi Alhamisi, kwa magongo mawili. Kliniki ni baada ya wiki sita, tutapiga picha ya kuangalia mfupa. Baiskeli imefungiwa stoo kwa mtoto wa pili, mpaka hapo watakapoelewana. Alipokuwa anatoka aliniachia kazi: nimfuatilie habari za Froome hospitali, akija kliniki nimpe taarifa kamili. Si ya kushinda. Anataka kujua kama ameshaanza kukaa kwenye siti.

Sasa niwaulize nyinyi, na mjibu kwa ustaarabu, sitaki matusi kwenye ukurasa wangu: ungekuwa wewe ndo yule mtoto mkubwa, ungefanyaje? Na wauguzi wenzangu, mmeshawahi kuombwa mseme "daktari amekataza" wakati hajakataza? Mlijibu nini?

Vidonda vya mgongoni Jumatano, ahadi. Naingia zamu ya usiku, niombeeni wodi itulie.